Kiti cha Enzi cha Japani: "Kuumeni Tu" Ni Mila ya Kale au Sheria ya Prusia?

Kila mjadala wa mrithi wa kiti cha enzi cha Japani unapopamba moto, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema kuwazuia wanawake ni mila ya Wajapani wenyewe, ya tangu enzi na enzi, wala haiguswi. Kundi la pili linasema hiyo ni nguo ya kuazima: viongozi wa enzi ya Meiji (1868–1912) waliichukua Ujerumani, tena kwa Waprusia, watu wa dola kubwa kuliko zote za Kijerumani wakati huo, wakaiita mila. Mimi naona makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanaishika sheria nzima kwa mkupuo, ama yote ya nyumbani, ama yote ya ugenini, ilhali iliandikwa kifungu kwa kifungu na watu waliokuwa wakibishana vikali. Kwa msomaji anayetaka kuamua asimame upande gani, njia ya haki ni kuiweka mila upande huu na Prusia upande ule, kisha kupima kanuni moja moja.

Maandishi mawili yakikaa pamoja

Katiba ya Prusia ya mwaka 1850, ibara ya 53, inasema kwa maana hii: taji, kwa mujibu wa sheria za nyumba ya kifalme, linarithiwa katika shina la kiume la nyumba hiyo, kwa haki ya mzaliwa wa kwanza na kwa kufuata mstari wa kuumeni.

Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya Japani ya mwaka 1889, kifungu cha 1, inasema kwa maana hii: kiti cha enzi cha Japani kinarithiwa na wanaume wa ukoo wa kifalme walio wa mstari wa kuumeni. Vifungu vinavyofuata vinampa nafasi mwana mkubwa wa kiume, kisha mwana mkubwa wa huyo, na ngazi zote zinazofuata.

Ukiyasoma hayo kwa pamoja huwezi kusema hayajuani. Na wenye kuyaandika walijuana kweli. Ito Hirobumi, kiongozi aliyesimamia uandishi wa katiba ya Japani, alikwenda Ulaya mwaka 1882, akasikiliza masomo ya wanasheria Rudolf von Gneist na Albert Mosse mjini Berlin, akaenda Vienna kwa Lorenz von Stein, akarudi nyumbani mwaka 1883. Mosse mwenyewe alikuja Japani kuwa mshauri wa serikali kuanzia 1886. Hermann Roesler, Mjerumani aliyefika mwaka 1878, alikuwa ndiye mshauri wa karibu wa Inoue Kowashi, na Inoue ndiye kalamu iliyoandika mengi ya rasimu hizo. Inoue huyo alikuwa ameshaitafsiri katiba ya Prusia kwa Kijapani miaka ya 1870, kabla hajakaa meza moja na Roesler.

Hata hivyo, kufanana kwa maneno hakutoshi. Angalia kifungu cha Kijapani kinadai masharti mawili kwa pamoja: mrithi awe mwanamume, na awe wa kuumeni. Binti wa mfalme ni wa kuumeni lakini si mwanamume, hafai. Mtoto wa kiume wa binti huyo ni mwanamume lakini ni wa kukeni, naye hafai. Hayo ni masharti mawili tofauti, na kila moja lina historia yake. Wengi wanayachanganya, na hapo ndipo mjadala unapopotelea.

Wanawake: sharti moja la nyumbani, la pili la 1889

Japani iliwahi kutawaliwa na wanawake wanane, ambao wawili kati yao walikalia kiti mara mbili mbili, jumla ya tawala kumi. Wa kwanza, Suiko, alitawala kuanzia 592 hadi 628. Wa mwisho, Go-Sakuramachi, alikalia kiti miaka ya 1760. Hao hawakushika usukani kwa niaba ya mtu. Walihesabiwa watawala kamili katika orodha ileile ya wanaume.

Lakini wote wanane walikuwa wa kuumeni. Hata Gensho, aliyepokea kiti kutoka kwa mama yake Genmei mwaka 715, baba yake alikuwa mwanamfalme, kwa hiyo anayehesabu nasaba kwa baba hapati pengo. Kwa upande huu, kundi la mila lina haki. Mstari wa kuumeni ulifuatwa kwa karne nyingi kabla Mjerumani yeyote hajatia mguu Tokyo.

Sharti la kwamba mwanamke asikalie kiti kabisa ni jambo jingine. Halikuwahi kuandikwa kabla ya 1889. Tena wakati wa kuandika, halikuwa limekubaliwa na wote. Rasimu ya katiba iliyotolewa na baraza la wazee, Genroin, mwaka 1880 iliruhusu mstari wa kukeni urithi pale inapolazimu. Katikati ya miaka ya 1880, wizara ya nyumba ya kifalme ilitoa rasimu ya kanuni za urithi iliyowafungulia mlango wanawake na watoto wao.

Hiyo ndiyo iliyomwamsha Inoue Kowashi. Aliandika waraka wa kumpinga aliyeiandaa, akatoa mfano ambao kila ninapousoma natamani ningekuwapo kumuuliza swali. Tuseme, alisema, malkia mtawala ameolewa na bwana fulani wa ukoo wa Minamoto, wakapata mwana. Mwana huyo atarithi kiti, lakini jina la ukoo wake litakuwa Minamoto. Kwa hiyo kiti kitakuwa kimehama nyumba. Mkitaka kuchukua nadharia ya Ulaya ya kurithi kukeni, aliuliza kwa ukali, je, na kubadilisha jina la ukoo wa kifalme mtakuchukua pia?

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, machoni pa Inoue, kitu cha kigeni kilikuwa ni urithi wa kukeni, na mfano aliokuwa akiuwaza ni Uingereza. Aliyeona Ulaya nzima kama Prusia anakosea. Milango ilikuwa miwili. Mwaka 1837 Victoria alipopokea taji la Uingereza, hakupata Hannover, ufalme wa Kijerumani uliokuwa chini ya mfalme yuleyule, kwa kuwa sheria ya huko iliwatanguliza wanaume wote wa ukoo, na Hannover ikaenda kwa ami yake Ernst August. Taji mbili zilizokuwa kichwani pa mtu mmoja zikaachana siku moja kwa sababu ya kanuni hii hii. Wajapani walikuwa na mifano yote miwili mbele yao. Tena hata ndani ya Ujerumani palikuwa na tofauti: katiba ya Bavaria ya 1818 iliwaruhusu wanawake wanaume wa ukoo wakishakwisha. Inoue na Ito waliacha mlango wa Uingereza, wakaacha na dirisha la Bavaria.

Pili, Minamoto ni jina walilopewa wana wa wafalme walioshushwa wakawa raia. Bwana wa Minamoto ana damu ya kifalme kuumeni, tena ya zamani. Mfano wa Inoue haukuwa wa damu. Ulikuwa wa jina na nyumba. Leo watetezi wa kuumeni huzungumzia damu tu, na sioni wakijiuliza hoja ile ilianzaje.

Ito naye, katika maelezo rasmi ya sheria hiyo mwaka 1889, alisema malkia wale wa kale walishika kiti kwa muda tu, wakimngojea mrithi akue. Kwa Go-Sakuramachi aliyemshikia mpwa wake kiti, inaeleweka. Kwa Suiko, miaka 36 ni mingi mno kuiita ya kungojea.

Kwa hiyo kipimo changu hapa: sharti la kuumeni, lihesabu la nyumbani. Sharti la mwanamume pekee, lihesabu la 1889, na kufuli lake ni la Prusia.

Kifungua mimba

Hapa sioni ubishi mkubwa. Japani ya kale ilirithisha kiti kwa mwana, kwa ndugu, kwa binamu, hata kwa mtoto wa tawi la mbali aliyeasiliwa. Mwishoni mwa karne ya 18, Kokaku alitolewa katika nyumba ya Kan'in, tawi la pembeni, akaasiliwa ili amrithi mfalme aliyekufa bila mwana. Mpangilio mkali wa mwana mkubwa na mstari wake kwanza, kisha mwana wa pili na mstari wake, ndio uleule wa ibara ya 53. Katika nyumba ya Hohenzollern, ukoo wa kifalme wa Prusia, ulikuwa na mizizi mirefu: mwaka 1473 Albrecht Achilles aliamuru Brandenburg isigawanywe, ipewe mwana mkubwa. Chagua Prusia bila kusita.

Sheria isiyoguswa na Bunge

Kama ungenitaka nitaje kitu kimoja tu kilichotoka Ujerumani, nisingetaja wanawake. Ningetaja hiki.

Koo zinazotawala za Ujerumani zilikuwa na sheria za nyumba zao, zilizotungwa na mkuu wa ukoo pamoja na wanaume wa ukoo, mbali na bunge. Mwaka 1881, katika kanuni za msingi za katiba alizowasilisha Iwakura Tomomi, mmoja wa vigogo wa serikali ya Meiji, ambazo Inoue aliziandika kwa ushauri wa Roesler, tayari lilikuwamo hili: urithi wa kiti una kanuni zake za mababu, uwekwe katika sheria ya nyumba ya kifalme, si ndani ya katiba. Miaka minane baadaye, ibara ya 74 ya Katiba ya Meiji ikasema kwamba kuirekebisha Sheria ya Nyumba ya Kifalme hakuhitaji kupelekwa Bungeni. Sheria ile, yenye sura 12 na vifungu 62, ilikamilishwa siku ile ile ya katiba, tarehe 11 Februari 1889, lakini haikutangazwa rasmi kama sheria nyingine. Ilihesabiwa ni ya ukoo, na raia hakuwa na haja nayo. Ilipoongezewa vifungu mwaka 1907 ndipo nyongeza zile zikatangazwa.

Maneno yaliyotumika ni ya mababu, lakini chombo ni cha Kijerumani. Mababu hawakuwa na Bunge la kuwekea ukuta.

Kung'atuka: hapa Wajerumani hawahusiki

Watu wengi, wakishakubali kwamba sheria ya 1889 ina damu ya Prusia, huitupia Prusia kila jambo gumu lililomo. Katazo la mfalme kung'atuka ndilo mfano wa makosa hayo.

Kwa mila ya Japani, kung'atuka kulikuwa jambo la kawaida. Tangu Kogyoku mwaka 645 hadi Kokaku mwaka 1817, wafalme walikuwa wakiachia kiti, wengine wakanyoa nywele wakaingia utawa, wengine wakaendelea kutawala wakiwa nyuma ya pazia. Rasimu za mwanzo za sheria ya nyumba ya kifalme ziliruhusu hilo.

Tarehe 20 Machi 1887, watu wanne walikutana katika nyumba ya Ito huko Takanawa: Ito mwenyewe, Yanagiwara Sakimitsu aliyekuja na rasimu, Inoue Kowashi na Ito Miyoji, katibu wake Ito. Walipofika kwenye kifungu cha kung'atuka, Ito Hirobumi alisema kiondolewe. Inoue, mtu wa mila, ndiye aliyekitetea, na silaha aliyoichomoa ilikuwa ya Kijerumani. Alimtaja Bluntschli, mwanazuoni mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Heidelberg, kwamba mfalme naye ni binadamu, na asipotaka kiti anaweza kukiacha wakati wowote. Ito hakukubali. Kwake, mfalme hakuwa na haki ya kukiacha kiti kwa hiari yake. Kifungu kikafutwa, na kifungu cha 10 kikaandikwa kwamba mrithi anashika kiti mfalme anapofariki.

Angalia mambo yalivyogeuka: mila ilisema ruksa, mwanazuoni wa Heidelberg akasema ruksa, na kauli ya mtu mmoja katika sebule yake ikawa sheria kwa miaka 130. Mwaka 1918 Wilhelm II wa Ujerumani alikimbilia Uholanzi na kutia sahihi hati ya kuachia taji. Mfalme wa Japani hakuwa na kifungu cha namna hiyo hata angezeeka vipi. Mwaka 1921, mfalme Taisho aliposhindwa na maradhi, aliwekwa mwanawe Hirohito kuwa mtawala wa niaba. Na Akihito alipotaka kupumzika, ilibidi alihutubie taifa kwa video mwezi Agosti 2016, Bunge likatunga sheria maalumu mwaka 2017 kwa ajili yake peke yake, ndipo akang'atuka tarehe 30 Aprili 2019. Kesho yake Naruhito akashika kiti.

Katika kanuni hii, usichague mila wala Prusia. Mchague Ito.

Watoto wa masuria

Hapa Prusia ilikataliwa waziwazi, na sababu ilikuwa ya dharura. Katika koo za kifalme za Ujerumani, mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na nafasi kabisa, na hata mtoto wa ndoa ya mke asiye wa daraja la mumewe alikosa taji. Japani ingefuata hivyo, mfalme angebaki bila mwana wa kumrithi. Mfalme Meiji alikuwa mtoto wa suria, Nakayama Yoshiko. Mrithi wake, aliyekuja kuwa mfalme Taisho, alizaliwa mwaka 1879 na Yanagiwara Naruko, suria pia. Na Yanagiwara Sakimitsu, yule aliyekaa pale Takanawa akiwa na rasimu mkononi, alikuwa ndugu wa Naruko. Mjomba wa mwana mrithi ndiye aliyekuwa akiandika nani arithi.

Basi sheria ya 1889 ikaruhusu watoto wa masuria, wakiwa nyuma ya watoto wa ndoa. Hii ni mila tupu, na bila shaka ndiyo iliyoufanya mstari wa kuumeni udumu kwa karne zote zile.

Kuhusu kuasili, sheria ilipiga marufuku, kinyume cha desturi ya karne nyingi na sawa na koo za Ujerumani, ambako mtoto wa kuasiliwa hakupata haki ya taji. Ndoa nazo zilibanwa ziwe ndani ya ukoo wa kifalme au na makabaila walioidhinishwa. Wazo la ndoa za daraja moja linasikika humo, ingawa Japani nayo ilikuwa na koo zake za kutoa wake za wafalme.

1947: nini kilibaki

Sheria mpya ya Nyumba ya Kifalme ilianza kutumika pamoja na katiba mpya tarehe 3 Mei 1947. Ukuta wa Kijerumani ulianguka: sasa ni sheria ya kawaida, inatungwa na kubadilishwa na Bunge. Katiba yenyewe inasema tu kiti ni cha urithi, haitaji mwanamume. Lakini kifungu cha 1 cha sheria kilibaki kilekile, mwanamume wa kuumeni. Watoto wa masuria wakaondolewa. Katazo la kuasili likabaki. Kung'atuka hakukurudishwa. Mwezi Oktoba mwaka huo, nyumba 11 za matawi, watu 51, zikatolewa katika ukoo wa kifalme.

Kwa hiyo mila ilipoteza vyombo vilivyokuwa vikiilinda, yaani masuria, kuasili na matawi, na ile kufuli ya 1889 ikabaki mlangoni. Nyuma ya Naruhito sasa wamo warithi watatu tu: mdogo wake Akishino aliyezaliwa 1965, mwana wa Akishino, Hisahito, aliyezaliwa 2006, na ami yake Naruhito, Hitachi, aliyezaliwa 1935. Aiko, mtoto pekee wa mfalme, aliyezaliwa 2001, hayumo, na akiolewa na raia, kifungu cha 12 kinamtoa ukoo mzima.

Uchague lipi

Mapendekezo yaliyowahi kuwekwa mezani ni machache, na kila moja lina upande wake katika ulinganisho huu.

Jopo la ushauri la serikali la mwaka 2005 lilipendekeza mtoto wa kwanza arithi, awe wa kike au wa kiume, na mstari wa kukeni ukubalike. Ukichagua hili, unaachana na Prusia kwenye jinsia lakini unaishika kwenye kifungua mimba. Na ujue unavunja pia sharti la kuumeni, ambalo ni la Wajapani wenyewe. Jambo hili liliwekwa kando mwaka 2006 ujauzito wa Hisahito ulipotangazwa.

Jopo la Desemba 2021 lilitoa njia mbili: mabinti wa kifalme wabaki katika ukoo hata wakiolewa, na wanaume wa kuumeni kutoka zile nyumba za 1947 waruhusiwe kuasiliwa. Ukipenda mila, la kuasili ni la mila hasa, kama alivyoasiliwa Kokaku. Linalogombana nalo ni katazo la 1889 lililobebwa hadi 1947.

Kuna na njia ya tatu isiyozungumzwa vya kutosha: mwanamke wa kuumeni akalie kiti, bila kuamua leo habari ya watoto wake. Hiyo ndiyo iliyofanyika mara kumi. Aiko ni wa kuumeni kama Suiko alivyokuwa. Mtu anayetetea mila kwa moyo safi hana kifungu cha mila cha kumzuia. Alicho nacho ni kifungu cha 1889. Mimi ningeanza na hii, nikaongeza na la kuasili, nikaachia swali la kukeni kwa Bunge litakalokuwa na mtoto wa kumjadili, si mtoto wa kufikirika wa bwana wa Minamoto.